Kufuli la Kuachia na Kufuli la Kubana

Fundi alinipigia saa tatu usiku. Akaniamkia haraka haraka, kisha akaingia kwenye shida yake moja kwa moja.

"Dada, samahani kwa usiku huu. Haya maelezo uliyotutafsiria, ukurasa wa tisa. Mlango wa ngazi umeandika tuweke kufuli salama. Mlango wa stoo nao umeandika kufuli salama. Ila humu kwenye boksi makufuli ni ya aina mbili. Sasa lipi liende wapi?"

Nikafungua kompyuta nikatafuta ukurasa wenyewe. Kwenye Kiingereza yalikuwa maneno mawili kweli. La ngazi liliitwa "fail safe" na la stoo liliitwa "fail secure". Mimi nilikuwa nimeyamwaga yote mawili kwenye chungu kimoja. Nikamwomba anieleze hayo makufuli yanatofautianaje.

"Hili moja linashikwa na umeme," akasema. "Umeme ukikatika linaachia, unasukuma mlango unatoka. Hili lingine ni kinyume chake. Umeme ukikatika linabana, hapiti mtu bila ufunguo."

Jengo lenyewe lina ghorofa sita. Nikawaona watu wanashuka ngazi gizani, moshi uko nyuma yao, umeme umekatika kwa sababu ya huo huo moto, na wanapofika chini mlango umebana. Umebana kwa sababu mimi niliandika "salama" mara mbili.

"La kuachia liende kwenye ngazi," nikamwambia. "La kubana liende stoo."

"Ndivyo nilivyodhani, dada. Ila karatasi ndiyo inayosema, sisi tunafuata karatasi."

Tukaagana. Nikasahihisha ukurasa ule usiku huo huo, nikaandika "kufuli la kuachia" na "kufuli la kubana", maneno ya fundi kama alivyoyatamka, nikamtumia. Usingizi haukuja. Kila nikifumba macho nilikuwa naliona dirisha la chumba cha mama, Tanga.

Nafanya kazi ya tafsiri mwaka wa kumi na moja sasa, na neno usalama nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu. Ni neno zuri. Tunaamkiana nalo: salama? salama. Msafiri akifika tunasema amefika salama salimini. Kwenye lango la kila eneo la ujenzi kuna kibao cha "Usalama Kwanza". Kuna usalama barabarani, kuna Usalama wa Taifa, kuna Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Anayekuvalisha mkanda kwenye gari na anayekufuatilia kwa siri kwa niaba ya dola wamevaa neno moja. Sikuwahi kuona tatizo. Nilipokutana na "safety" niliandika usalama, na nilipokutana na "security" niliandika usalama, na siku maneno yote mawili yalipokuja kwenye sentensi moja niliandika "ulinzi na usalama" kama inavyosema kamati ya wilaya, bila kujiuliza lipi nimeliweka wapi.

Waingereza wenyewe mitaani huyachanganya. Mtu anaweza kusema anajisikia "safe" nyumbani kwake au anajisikia "secure", na jirani asione tofauti. Kamusi hulifafanua moja kwa kutumia lingine. Lakini nenda kwa watu ambao hatari ndiyo kazi yao, hao hawayachanganyi kabisa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina viambatisho 19 kwenye mkataba wake wa Chicago. Kiambatisho cha 17 ni cha "security", cha 19 ni cha "safety", na watu wanaovisimamia ni wengine na wengine. Pale uwanja wa ndege, anayekukagua begi anatafuta kisu. Anayekagua injini anatafuta ufa. Kisu kina mwenyewe, ana nia, na ukiziba njia hii atatafuta nyingine. Ufa hauna mwenyewe. Haukuchukii, haukuvizii, unakua tu polepole kwa kila safari mpaka siku chuma kinapochoka.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo wataalamu huishika: "security" inamkabili mtu mwenye nia mbaya, "safety" inakabili madhara yasiyo na nia. Moto wa jiko, maji ya mafuriko, uchovu wa dereva, nyaya zilizochakaa.

Si Kiswahili peke yake kilichobeba mizigo miwili kwenye kikapu kimoja. Mjerumani ana neno moja, "Sicherheit", kwa yote. Mhispania ana "seguridad". Mfaransa anayo mawili, "sécurité" na "sûreté", na ungedhani kwake mambo yamenyooka, lakini sikiliza: kwenye usafiri wa anga "sécurité" ndiyo ya injini na "sûreté" ndiyo ya kisu. Ukihamia kwenye nyuklia mambo yanapinduka. Kwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, "sûreté" ndiyo ya kuzuia ajali kwenye kinu na "sécurité" ndiyo ya kuwazuia wezi na magaidi. Mfasiri wa Kifaransa anayetoka ofisi moja kwenda nyingine lazima ageuze kichwa. Niliposoma hilo nilipata faraja kidogo, kisha nikakumbuka ile ngazi, faraja ikaniisha.

Nikaanza kuyachimba maneno yenyewe. Yote mawili Mwingereza aliyatoa kwenye Kilatini. "Safe" limepitia Kifaransa na mzizi wake ni "salvus", maana yake mzima, asiyepungukiwa kitu, aliyepona. "Secure" ni "securus", na hilo ni maneno mawili yaliyogandana: "se", yaani bila, na "cura", yaani wasiwasi, mashughuliko ya moyo. Kwa hiyo la kwanza linazungumzia mwili na la pili linazungumzia moyo. La kwanza linauliza: u mzima? La pili linauliza: una hofu?

Zamani hata ilikuwa aibu kuwa "secure", kwa sababu lilikuwa na maana ya kubweteka. Katika tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, Hekate, mkuu wa wachawi, anasema "security" ndiyo adui mkubwa kuliko wote wa wanadamu. Hasemi ulinzi ni adui. Anasema mtu akishajiona hawezi kuguswa, amekwisha.

Hapo nikasimama, kwa sababu nilihisi nimeyaona haya mahali pengine, na si katika Kilatini. Nimesoma madrasa Tanga, na kule tulifundishwa mizizi ya maneno kabla hatujajua inatufaa nini. Mzizi wa sin, lam na mim, unaozaa salama, salimu na Salim, ni mzizi wa uzima: kitu kisicho na dosari, kilichosalimika. Mzizi wa alifu, mim na nuni, unaozaa amani, amana na imani, ni mzizi wa moyo kutulia. Sura ya Quraysh, ile fupi tuliyoihifadhi tukiwa bado hatujui kufunga viatu, inamaliza kwa kumtaja Mola aliyewalisha Maquraysh wasife njaa na akawatoa kwenye khofu, na neno la kutolewa kwenye khofu pale ni la mzizi huo wa pili. Kilatini na Kiarabu hazina undugu, lakini zote mbili zimeukata mti kwenye kiungo kile kile. Huku uzima wa mwili, kule utulivu wa moyo.

Na sisi tumeipokea mizizi yote miwili ya Kiarabu, ila tumeibadilishia kazi. Mwarabu akitaka kusema amani ya mataifa husema "salaam". Sisi neno hilo tumelifanya la kuamkiana. Akitaka kutaja lile baraza la New York husema Majlis al-Amn, kwa mzizi wa utulivu. Sisi tukachukua mzizi ule mwingine tukaliita Baraza la Usalama, na amani tukaipa kazi ya kuwa kinyume cha vita. Kwa hiyo neno letu usalama limebeba uzima ambao ndio asili yake, likaongezewa na mzigo wa kukabili adui, ambao kwa kuzaliwa haukuwa wake. Halafu kando yake limekaa neno letu wenyewe la Kibantu, kulinda, mlinzi, ulinzi, likisubiri kuitwa.

Sisemi tuna upungufu. Mahali pengi Kiswahili kimelitatua jambo hili zamani. "Security" ya mkopo na ya mahakamani tunasema dhamana, na Tanzania kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ile ya uzeeni tunasema hifadhi ya jamii. Mtu wa getini ni mlinzi, hakuna anayemwita msalama. Tatizo liko kwenye ile sehemu ambapo maneno mawili ya Kiingereza yanakaa kwenye karatasi moja yakivutana, na sisi tunayaandika kama vile yanashikana mikono.

Chukua chakula. "Food security" ni kuwa na chakula cha kutosha ghalani. "Food safety" ni chakula kisikuue. Yote mawili nimeyaona yameandikwa "usalama wa chakula", na mimi nimeyaandika hivyo hivyo. Sasa tazama lililotokea Ukambani, Kenya, mwaka 2004. Kati ya Januari na Juni, maeneo ya Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua ini kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na 125 walikufa. Mahindi yalikuwepo. Yalikuwa ya shambani kwao wenyewe, yalivunwa na unyevu, yakahifadhiwa mabichi. Wachunguzi walipolinganisha nyumba za wagonjwa na za wazima, walikuta waliohifadhi mahindi ndani ya nyumba wameugua zaidi kuliko waliohifadhi ghalani.

Mtu aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa kwa nini mahindi huingizwa ndani mwaka wa njaa. Ghala liko uani na macho ya watu yako uani. Unayaleta karibu na kitanda, unalala nayo, unaamka usiku unapapasa gunia. Pale sakafuni hakuna hewa, joto la watu linapanda, kuvu inaota. Nimejaribu mara nyingi kuiandika hiyo picha kwa neno moja la usalama na nimeshindwa, kwa sababu ndani yake ulinzi ndio ulioua uzima. Siku hizi nikipata kazi ya kilimo naandika "uhakika wa chakula" kwa la kwanza, na usalama wa chakula nauacha kwa la pili tu. Maneno "uhakika wa chakula" sikuyatunga mimi. Wataalamu wa kilimo wanayatumia siku nyingi, ni sisi wafasiri tuliokuwa tunayapita.

Lakini jambo linaloniuma kuliko yote ni mabweni.

Sisi tuliosoma bweni Tanzania miaka ya tisini tulikua na jina la Shauritanga vichwani. Rombo, Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 waliteketea usiku mmoja. Kenya wanalo jina la Bombolulu, Kwale, Machi 1998, wasichana 26. Na miaka mitatu baadaye, Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Bombolulu milango ilikuwa imefungwa na madirisha yana vyuma. Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa na kufuli na madirisha yana vyuma.

Kwa nini bweni la wasichana hufungwa kwa kufuli usiku? Kila mzazi anajua jibu, na jibu si la mtu mwovu. Wanafunga ili asiingie mwanamume. Wanafunga ili wasitoroke watoto. Walimu waliofunga walikuwa wanalinda. Ukimwuliza matroni saa nne usiku akigeuza ufunguo kwamba anafanya nini, atakwambia ni usalama wa watoto, na hatakuwa anasema uongo kwa Kiswahili chetu. Neno halimzuii. Halimwambii kwamba kuna usalama mwingine ambao kwa wakati huo huo anaufungia ndani.

Kyanguli moto uliwashwa kwa makusudi. Hapo hata ule mpaka wa wataalamu, mwenye nia na asiye na nia, unakatika vipande viwili. Aliyewasha alikuwa na nia, lakini ukishawaka moto hauna nia na haukumbuki aliyeuwasha. Unahitaji mlango tu.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama mashuleni. Nilipewa sehemu yake kuifanyia kazi kwa ajili ya semina ya walimu, na nilisoma ukurasa wa mabweni nikiwa nimesimama. Mlango uwe na upana wa angalau futi 5. Ufunguke kwa nje. Usifungwe kutoka nje wakati wowote wanafunzi wakiwamo ndani. Kila bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma, na yafunguke kirahisi. Halafu, mwongozo huo huo, sehemu ya eneo la shule: uzio na mageti imara. Yaani hawakumwambia mwalimu aache kulinda. Walimwambia akalinde kwenye uzio, mbali na kitanda cha mtoto. Kufuli lisogee nje. Nimesoma maandiko mengi ya kutenganisha maneno haya mawili na sijaona lililoyatenganisha vizuri kama ukurasa ule, ambao haukuwa unazungumzia maneno kabisa.

Kinachonitisha ni kwamba hata wenye maneno mawili kamili wananaswa. Baada ya Septemba 11, 2001 ndege za abiria ziliwekewa milango imara ya chumba cha marubani, isivunjike wala isifunguliwe na mtu wa nje, ili mtekaji asiingie. Machi 24, 2015, ndege ya Germanwings ilikuwa inatoka Barcelona kwenda Düsseldorf. Rubani mkuu alitoka mara moja, na msaidizi wake akamfungia nje, akaishusha ndege kwa makusudi kwenye milima ya Alps kusini mwa Ufaransa. Watu wote 150 walikufa. Rubani aliugonga mlango ule na kujaribu kuuvunja, nao ukafanya kazi iliyotengenezewa. Ulibana.

Sasa niseme habari ya mama.

Wezi waliingia kwake miaka minne iliyopita. Walipita dirisha la sebuleni, wakachukua runinga, mtungi wa gesi na redio ya marehemu baba. Yeye alikuwa chumbani, amekaa kitandani anawasikia, hakupiga kelele. Aliniambia kesho yake kwa simu, sauti imekauka: "Mwanangu, walikuwa wanacheka." Kile kicheko ndicho kilichombakia. Nilituma hela wiki hiyo hiyo, fundi wa kuchomelea akaja akaweka grili kila dirisha, nondo za milimita 12, zimezama ukutani na saruji. Mlango wa mbele ukapata geti la chuma lenye makufuli mawili juu ya kitasa. Mlango wa uani, komeo na kufuli. Nilipokwenda Idi nikayatikisa mimi mwenyewe yote, hayatikisiki. Mama akaanza kulala tena. Kwa macho yangu nilimwona amerudi kuwa mtu. Sitaki mtu yeyote asome makala hii adhani ninaidharau hiyo kazi ya chuma, kwa sababu ilimrudishia mama usingizi, na usingizi ni kitu kikubwa.

Halafu mwaka jana, mwezi wa tatu, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na friji ikaanza kuungua waya kwa nyuma. Saa nane usiku. Mama aliamshwa na harufu. Alipofika sebuleni moshi ulikuwa umeshuka mpaka kifuani. Funguo ziko chini ya mto. Akarudi chumbani, akapapasa, akazipata, akaenda getini. Funguo nne kwenye pete moja, zote zinafanana, mikono inatetemeka, na umeme umekatika tena. Akapiga kelele. Majirani wakaja, wanaume watano sita, na nyundo. Walisimama nje ya dirisha wanamwona kwa tochi. Hawakuweza kuingia. Grili haikuinama. Mmoja alinieleza baadaye kwamba walilivuta wote pamoja mpaka viganja vikachubuka.

Alifungua mwenyewe mwishowe, ufunguo wa tatu. Alitoka anakohoa, akapumzishwa hospitali siku mbili, friji ikateketea na pazia na nusu ya dari. Alhamdulillahi, hiyo ndiyo hasara yote. Lakini mimi ndiye niliyetuma hela ya zile nondo, na nilizituma nikimwambia kwa maneno haya haya: "Mama, nataka uwe salama."

Hilo ndilo dirisha nililokuwa naliona usiku ule baada ya simu ya fundi wa makufuli. Miezi minane ilikuwa imepita tangu moto, dari lilishapigwa jipya, na grili zilikuwa pale pale. Sote tulikuwa tumezungumza habari ya friji na nyaya, tukanunua kilinda umeme. Hakuna aliyelitazama dirisha. Ilibidi kwanza niwe na maneno mawili, la kuachia na la kubana, ndipo nikaona kwamba nyumba ya mama ilikuwa na makufuli ya kubana kila upande na halikuwepo hata moja la kuachia.

Kwenye kazi nimeweka utaratibu tangu siku ile. Maneno hayo mawili yakija pamoja, "safety" nalipa usalama na "security" nalipa ulinzi, na silegezi. Mteja mmoja alirudisha kazi akilalamika kwamba "ulinzi wa taarifa" kwake ni kama mlinzi mwenye rungu amesimama kwenye kompyuta. Nilimjibu kwamba ndiyo picha ninayoitaka, kwa sababu taarifa zake zinaviziwa na watu. Pale ambapo jina la chombo limeshazoeleka, kama Baraza la Usalama, siligusi. Mtu hawezi kuamka asubuhi akabadilisha jina lililokwisha kukaa vinywani. Na pale ambapo kuna mlango, kufuli, swichi au mtungi, siandiki usalama wala ulinzi. Naandika kitakachotokea: kinaachia, kinabana, kinazima, kinafunga gesi. Nampigia fundi kwanza, namuuliza wao wanasemaje. Wafasiri wenzangu wengine wanaona hiyo si kazi ya mfasiri. Naiona ndiyo kazi yenyewe.

Desemba nikaenda Tanga na fundi wa kuchomelea, si yule wa kwanza. Nilimweleza ninachotaka: grili la chumbani likatwe, liwekewe fremu ya skwea paipu na bawaba, lifunguke kwa nje, na kufuli lake liwe ndani. Ufunguo uning'inie kwenye msumari ukutani, mbali na dirisha, mkono wa mtu aliye nje usiufikie.

Mama alikataa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, akamwangalia fundi anavyopanga vifaa, kisha akanigeukia mimi.

"Dirisha linalofunguka ni mlango wa mwizi, mwanangu. Wewe hukuwasikia wakicheka."

"Sikuwasikia, mama. Lakini majirani uliwaona nje ya dirisha hili."

Alinyamaza. Fundi naye akanyamaza, akajifanya anatafuta kipimo. Baadaye mama akauliza kufuli litakuwa la aina gani, nikamwonyesha. Akalipima uzito mkononi. Akauliza bawaba zitachomelewa upande gani, fundi akamwambia zitakuwa ndani ya fremu, mtu wa nje hazioni wala hazikati. Akauliza na nondo, zitabaki zile zile za milimita 12? Zile zile, mama. Maswali yake yote yalikuwa ya mwizi, na fundi aliyajibu moja moja kwa heshima, na mimi nikaelewa kwamba nisimharakishe. Akasema basi, fanyeni.

Kazi ilichukua mpaka alasiri. Cheche ziliunguza kidogo ua wa mwasumini chini ya dirisha, mama akamwambia fundi amwagie maji.

Usiku, baada ya isha, aliniita chumbani. Akaniambia nizime taa. Nikazima. Nilimsikia akiinuka kitandani, nyayo zake sakafuni, polepole, mkono unapapasa ukuta. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu, nne. Ufunguo ukagonga msumari. Akasogea dirishani, chuma kikalia kwenye chuma, akakosea tundu mara ya kwanza, akapata mara ya pili. Kisha grili likafunguka, na hewa ya nje ikaingia na harufu ya mwasumini ulioungua.

Akasimama pale kitambo. Mbali kuna mtu alikuwa anapita na baiskeli, taa yake inayumba. Mama akamwangalia mpaka akapotea. Akavuta grili, akafunga, akatikisa mara mbili, akahesabu tena kurudi: nne za kwenda, nne za kurudi.

"Tena," akaniambia. "Usiwashe taa."